Ulichotutafsiria

Kaka Profesa,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na ukubwa huo haufutiki kwa haya nitakayokuandikia. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba kifua cha yule mdogo kimetulia sasa hali ya hewa imebadilika. Sisi huku tu wazima. Paa la jikoni bado linavuja palepale unapopajua, ila tumehamisha jiko, tunapika pakavu.

Habari ya kwanza ni ya kazini. Meneja wa hoteli amenitoa kwenye kufua mashuka akaniweka mapokezi. Ulipoondoka nilikuwa mtu wa “gudi moningi” na “tenki yu”, baada ya hapo natabasamu mpaka mashavu yanauma. Meneja akasema tabasamu halitoshi. Wageni wake ni watu wa mikutano, Kiingereza chao kizito, kwa hiyo nikitaka kubaki pale nikatafute msamiati.

Nikajiunga na darasa la jioni, chumba cha juu ya duka la dawa. Anatufundisha mama mmoja mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Hataki tukariri kama kasuku. Anasema kila neno lina ukoo wake, lina mama na shangazi na mahasimu, ukikutana na moja uliza jamaa zake wako wapi. Basi nikawa natembea na maneno mdomoni kama pipi, nafuta kaunta huku nanong'ona. Dereva wa hoteli akaanza kuniita Kamusi. Nilikuwa na furaha, kaka. Nilipanga ukija likizo nikupokee kwa sentensi moja ndefu yenye neno ambalo hata wewe ungelazimika kuniuliza.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha kuandika.

Jioni moja mwalimu alikuja na kikapu cha vikombe kilichokuwa kimemponyoka ngazini. Akavipanga mezani: hiki kimekatika mkono, hiki kina ufa, hiki vipande vitupu. Cha mwisho akakizungusha tukione pande zote. Hakikuwa na hata mkwaruzo. Akatamka neno lake, nasi turudie: intakti. Kitu kilichopita kwenye ajali kikatoka kizima, hakijaguswa.

Wenzangu wakarudia. Mimi nilibaki nakitazama kikombe, maana neno lile nilikuwa nimeshalisikia. Lilitoka mdomoni mwa yule daktari bingwa mgeni, siku tuliyompeleka baba baada ya kiharusi. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake cha magurudumu, wewe ulikuwa mbele. Daktari alimtazama baba kwanza, kisha akakugeukia wewe, akasema sentensi ndefu yenye “komprihenshen” katikati na “intakti” mwishoni, polepole, huku akijigonga paji la uso kwa kidole. Mimi mjinga nilidhani ni majina ya dawa, nikawa nangoja tutumwe kununua.

Ukauliza swali, akakujibu. Halafu ukanigeukia. Maneno yako ninayo mpaka leo: “Jikaze, mdogo wangu. Baba yupo lakini hayupo. Anasikia sauti, maana haipati. Akilia au akikunja uso ni mishipa tu inajivuta, usiitilie maanani.” Nikaangua kilio, ukanikumbatia. Njia nzima kurudi nyumbani nilimshukuru Mungu kwamba katika familia yetu yupo anayejua lugha ya watu.

Darasa lilipotoka nilimfuata mwalimu nikamuuliza lile neno la pili. Akayaunganisha yote mawili, akaniambia maana yake ni kwamba uwezo wa mtu huyo wa kuelewa mambo uko salama kabisa. Akauliza nani ameambiwa hivyo. Nilishuka ngazi nikaacha mwavuli, na mvua ilikuwa inanyesha.

Baba alikuwa dirishani, pale ninapomweka kila siku. Nilipiga magoti nguo zikichuruzika, nikamshika mkono wa kushoto, ule wenye uhai, nikamwambia, baba, kama unanielewa niminye. Akaniminya mpaka pete ikaniumiza. Nikajiambia labda kweli ni mishipa. Basi nikamwambia asiminye nikisema uongo. Nikasema mimi ni mwanawe wa kwanza. Kimya. Nikasema mimi ni kitindamimba wake. Akaminya. Nikasema Profesa ni mzuri wa sura kuliko mimi. Kimya, na ule upande mmoja wa mdomo wake ukacheka. Kisha machozi yakamtoka, na safari hii sikuyaita mishipa.

Nimekuwa nikiyarudia mambo yote yaliyofanyika mbele yake. Shangazi alikaa kwenye kiti kile akinywa chai, akajadili wapi tutamzika. Mimi nilizima redio ya habari, kitu alichokipenda kuliko chakula, kwa sababu ulisema kelele zinamchosha. Na siku uliyokuja na karatasi za kiwanda chake cha uchapaji, tulipotaka alama ya kidole gumba chake alikunja ngumi. Ukasema mishipa. Nikakusaidia kumkunjua kidole kimoja kimoja, nikimbembeleza kama mtoto. Kiwanda kikawa chako, na mashine zikapakiwa kwenye lori kabla wino haujamtoka kidoleni.

Nilijaribu kukutetea, Mungu shahidi. Nilisema labda lafudhi ya yule mgeni ilikuchanganya. Nikampeleka baba hospitali ileile. Bingwa alishaondoka, lakini daktari wa kike aliyekuwa ameketi pembeni yake siku ile bado yupo, na anakukumbuka. Alisema uliulizwa kama umeelewa, ukajibu umeelewa vizuri. Ulielezwa pia kwamba yapo mazoezi ya kumrudishia mtu usemi, na kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Ukasema utaongea na familia. Familia ni mimi, kaka. Hukuongea nami.

Hata hilo ningelimeza. Lililonivunja ni la juzi. Nilikuwa nimeketi karibu na baba nikijisomea maneno yangu kwa sauti, akaanza kutikisa kichwa. Nikadhani anataka maji, hataki. Nikarudia neno, akatikisa tena, na tena, mpaka nilipolitamka sawasawa, akafumba macho kama mtu aliyeridhika. Alikuwa ananisahihisha. Baba yetu, Mzee Wino wa kiwandani, aliyesahihisha vitabu vya Kiingereza maisha yake yote! Wewe mwenyewe Kiingereza chako ulikipata magotini pake, mimi nikiwa bado natambaa. Mimi nilisahau. Wewe je, ulisahau?

Alikuwa chumbani mle. Alimsikia daktari, akaelewa kila neno. Kisha akakusikia wewe, mwanawe wa kwanza, ukinigeuzia maneno yale mbele ya macho yake, na hakuwa na sauti hata ya kukohoa.

Sina swali la kukuuliza, maana jibu lako lingepaswa kupita kwenye ulimi uleule. Dada mmoja wa mazoezi ya kusema, kutoka hospitali ileile, anakuja sasa, na baba ameshapata maneno mawili matatu, mazito na yaliyopinda. Dada haniahidi mengi, anasema tulichelewa. Redio inawaka kutwa. Kuhusu karatasi za kiwanda, wakili ameshaonana na baba, kwa hiyo ukipata wito usishangae.

Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu, wao hawana kosa. Barua zote za nyuma nilizimalizia kwa kukuandikia kwamba baba anakusalimu sana. Nilikuwa najitungia, nikiamini hawezi kusema lolote. Safari hii nilimuuliza kwanza. Nilimshika mkono nikangoja, nikamuuliza tena kwa sauti ya juu asije akawa hakunisikia, nikangoja mpaka chai yake ikapoa.

Hakuniminya.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba