Asisimame Mtu

Ijumaa, 14 Agosti 1953. Chang'ombe.

Miaka hamsini na tatu tangu niondoke ziwani Nyasa. Nimeamka, nimenyoa ndevu, nimemwagilia mchicha. Chai ya rangi bila mkate, mkate wa juzi umeota ukungu. Kisha Mtoni kwa Yohana, kama kila Ijumaa.

Nimemkuta barazani, mguu wa kushoto juu ya kigoda. Umevimba kuanzia kifundo hadi gotini. Nikaugusa: wa moto. Anasema ni mbu. Binti yake Agnesi akasema kutoka jikoni, "Mbu gani huyo wa wiki nzima, baba?"

Meli ya Lindi inaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Kutoka Lindi tutapanda lori hadi Songea, halafu tuteremke ziwani. Dada yake Yohana bado yu hai. Ametuma salamu kwa fundi seremala aliyetoka huko: nyumba imeezekwa upya, ina vyumba viwili, kimoja cha Yohana, kimoja changu. Mie sina mtu kule. Kijiji chetu kilichomwa moto nikiwa mtoto, walionusurika wakatawanyika, misheni ikanichukua pamoja na Yohana tukapelekwa shule Unguja. Nitarudi kama mtu wa Yohana. Inanitosha.

Kabla ya meli, mchezo wa kriketi redioni. Waingereza na Waaustralia wamecheza minne, yote sare. Wa tano unaanza kesho London, na ndio wa kuamua. Miaka kumi na tisa Waingereza hawajauchukua ushindi huu. Yohana hazungumzi kingine. Meli, mchezo. Mchezo, meli.

Sikuupenda ule mguu.

Jumamosi, 15 Agosti.

Asubuhi nimempeleka zahanati kwa nguvu. Dresa, msaidizi wa tabibu, ni kijana mpole, lakini alipoubonyeza mguu aliubonyeza tena. Akasema Yohana aende hospitali kubwa mjini, leo hii. Asikae kitako na mguu ukining'inia. Asikae mahali pamoja saa nyingi. Yohana akamshukuru sana. Tulipofika barabarani akaniambia, "Nitakwenda Alhamisi. Mchezo utakuwa umekwisha."

Mchana tukawa dukani kwa Jivraj. Ndiye mwenye redio inayoshika London, inatumia betri ya gari. Yohana ana mahali pake, sanduku la sabuni kando ya magunia ya mchele. Mie benchi la mlangoni. Jivraj yuko nyuma ya kaunta na Waaustralia wake. Hana udugu nao wowote. Anawashabikia ili apate wa kubishana nao.

Waaustralia walipiga kwanza, wakatolewa wote kabla siku haijaisha. Yohana alikuwa kama mtoto. Jivraj akafunga duka bila kutuaga, akageuka kutoka mlangoni: "Jumatatu mnapiga nyie. Nitawachemshia chai birika zima."

Tulicheka. Hii ni vita ya zamani. Padri aliyetufundisha kriketi Unguja alikataza mtu kupita nyuma ya mrushaji, kwa sababu mpigaji huupoteza mpira machoni. Alisema hilo tu. Sie watoto tukaongeza letu: watu wetu wawili wakiwa uwanjani wanapiga, asisimame mtu, asibadili mahali, hata akibanwa na mkojo. Akisimama, mpigaji anatolewa, wiketi imeanguka. Tumezeeka na sheria hiyo. Jivraj ameijua kwetu, na huitumia kwa kutujaza chai. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba mpira wa London hauna habari na makalio ya wazee wa Chang'ombe. Nakaa vilevile.

Yohana alirudi nyumbani anaburuta mguu. Alikataa mkono wangu.

Jumapili, 16 Agosti.

London hawachezi leo. Yohana hakuja kanisani. Sikumbuki mara ya mwisho alipokosa.

Nimekwenda baada ya ibada. Mkwewe, karani wa bandarini, kijana wa mikutano na hotuba, alikuwa akimtania. "Wazee bwana. Mnawashangilia wanaotutawala." Yohana hakukasirika. "Siwashangilii wao. Nashangilia nilichojifunza nikiwa na meno yote."

Agnesi akanisindikiza hadi njiani. "Baba mdogo, wewe anakusikia. Mwambie." Nilimwambia nimeshamwambia. "Basi mwambie kama mtu anayetaka asikilizwe."

Maneno hayo yamekaa nami mchana kutwa. Ni kweli sikusema kwa nguvu. Naogopa akilazwa meli itatuacha. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 17 Agosti.

Siku mbaya.

Waingereza wanapiga. Wawili wetu walikaa uwanjani muda mrefu, mbio zetu, ndizo alama, zinapanda taratibu, mtangazaji sauti ya usingizi. Mie benchini, Yohana juu ya sanduku, miguu inaning'inia. Hakujinyoosha. Hakuishika chai. Jivraj kampelekea vikombe vitatu, vyote vimepoa.

Baadaye nikaona jasho. Upepo wa Agosti, watu wamevaa makoti, na Yohana shati limemganda mgongoni. Ameshika paja kwa mikono miwili, macho yamefumbwa. Nikaogopa. Nikasimama. Nilitaka kwenda kumwita dresa, basi.

Sijafika hata barabarani, kelele zikalipuka redioni. Mmoja wetu katoka.

Nikageuka. Yohana alikuwa ananitazama kama hanijui. Akasema polepole, "Umemuua." Mwingine naye hakukaa sana baada ya hapo. Wakaendelea kuanguka hadi jioni.

Jivraj alishangilia kidogo, akaona sura zetu, akaacha. Njiani Yohana akanitaka niape. Wakipiga tena watu wetu, nisiinuke, hata nione nini. Nikaapa. Mzee wa umri wangu, mwalimu wa miaka mingi, nikaapa kwa sababu ya mpira.

Sikumwita dresa.

Jumanne, 18 Agosti.

Waliobaki wetu walipiga vizuri kuliko tulivyotazamia. Nilikaa. Kisha wakaingia Waaustralia kupiga mara ya pili, na wakaporomoka. Warushaji wetu waliuzungusha mpira, watu wakawa wanatoka mmoja baada ya mwingine. Kufika jioni zilibaki mbio chache tuushinde mchezo, na wapigaji karibu wote tunao.

Ilipasa nifurahi. Yohana amekohoa siku nzima. Kikohozi kifupi, kikavu, halafu anashika ubavu. Anavuta pumzi katikati ya sentensi.

Waaustralia wakiwa bado wanapiga, Jivraj alitoka nyuma ya kaunta, jambo asilolifanya. Akachutama mbele yake. "Mzee Yohana, gari yangu iko nje. Twende hospitali sasa hivi. Nitamwachia mke wangu duka."

Yohana akanitazama, akacheka hadi akakohoa. "Umemwona huyu? Chai imeshindwa, kaleta gari."

"Sifanyi mzaha."

"Waaustralia wako ndio wanaopiga sasa, ungeniacha nikae. Unataka kunilaza ili kesho wakipiga wetu, mahali pangu pawe wazi."

Jivraj akaniangalia. Nilipaswa kusema. Nilitazama chini. Nusu yangu iliamini Jivraj naye anacheza. Miaka mingi mno ya birika za chai.

Tumeafikiana mimi na Yohana: kesho asubuhi hospitali, mapema, mchezo hauanzi hadi mchana. Amekubali. Nimemshika mkono, amekubali. Napumua.

Jumatano, 19 Agosti.

Nilifika Mtoni jua linachomoza. Amevaa suti yake nyeusi ya kanisani. Nikadhani ya hospitali. "Ya dukani," akasema. "Wale wa hospitali wakiniona watanivua, watanipa kitanda. Redio sitaisikia. Kesho nitakwenda mwenyewe bila kuvutwa." Agnesi analia jikoni kwa hasira, anagongagonga sufuria. Nilibishana na Yohana. Leo nilibishana kweli. Nikamwambia juu ya meli, juu ya dada yake, juu ya maneno ya dresa. Akasema miaka kumi na tisa amesubiri, nisimnyime alasiri moja.

Tulimpeleka kwa baiskeli ya mkwewe, amekaa nyuma, tunamsukuma.

Sanduku la sabuni. Magunia ya mchele. Mie benchini. Jivraj hakupika chai.

Wawili wetu wakaingia. Waaustralia wanarusha kwa hasira, sisi tunazihesabu mbio kimoyomoyo. Yohana hasogei. Mikono juu ya magoti, mgongo wima kama anapigwa picha. Mara moja alifungua mdomo kuvuta hewa na hewa haikuja haraka. Niliinua kisigino. Akainua kidole kimoja, hakugeuza kichwa. Nikarudisha kisigino sakafuni.

Mmoja wetu alitolewa, na hakuna aliyekuwa amesimama. Nilimwambia, "Unaona? Hatujasogea na katoka." Nilidhani hapo ndipo atakaponielewa. Akanong'ona, "Jivraj alisogea." Jivraj alikuwa amefukuza nzi.

Basi Jivraj naye akakaa kitako chini, nyuma ya kaunta, asiweze kushutumiwa. Wateja wawili walikuja, akawafukuza kwa mkono. Nilielewa wakati ule kwamba hataki tena Waaustralia washinde. Anataka yaishe.

Yakaisha karibu saa kumi na moja. Mpira wa mwisho ukaenda mpakani, watu wa London wakaingia uwanjani, mtangazaji sauti imempaa. Nilisimama, nikapiga makofi kama mwehu. Jivraj akasimama. Yohana anatabasamu, machozi yanamtiririka.

"Nishikeni," akasema. "Miguu imelala."

Tulimshika. Akapiga hatua moja, mbili. Kisha uso ukabadilika rangi na akatulemea wote wawili.

Jivraj aliendesha gari hadi hospitali. Kichwa cha Yohana mapajani mwangu. Tulipopita karakana za Chang'ombe akafumbua macho, akaniuliza kwa lugha yetu ya ziwani kama tumeshafika. Nikasema bado kidogo.

Alhamisi, 20 Agosti.

Amefariki alfajiri. Agnesi alikuwa naye, mie nje kwenye korido.

Daktari ametueleza bila kutuficha. Damu iliganda mguuni. Mguu ulipoachwa umening'inia siku hizo zote bila kutembezwa, ikaongezeka, mabonge yakakatika, yakapanda kifuani. Kwanza madogo, ndicho kile kikohozi. Jana kubwa. Akauliza, "Alikaa hivyo saa ngapi kwa siku? Kwa nini hakuinuka?"

Ungemwelezaje?

Agnesi hakunilaumu. Amenishika bega akaenda kutafuta shuka. Ningependa angenilaumu.

Jivraj alikuwa kwenye ngazi za hospitali, bado na nguo za jana. "Nilimwambia kweli, Mwalimu," akasema. "Safari hii nilimwambia kweli." Nikamjibu najua. Akasema, "Wewe ulijua. Yeye hakujua." Hapana. Hata mie sikujua hadi yeye Jivraj alipokaa sakafuni. Sikumwambia.

Ijumaa, 21 Agosti.

Tumemzika. Watu wengi kuliko nilivyofikiri. Wanafunzi wake wa zamani, wengine wana mvi. Mkwewe alibeba jeneza mbele kulia na alilia waziwazi, yule wa hotuba. Jivraj alisimama mbali kidogo na wenzetu wa kanisa, mikono nyuma, hadi udongo wa mwisho. Padri kijana alisoma vizuri lakini alimwita mtu wa Pwani. Sikumsahihisha.

Jioni watu wa kijiwe cha bao walinisimamisha, wanataka kujua nani alishinda London. Niliwaambia. Mmoja akasema, "Afadhali mzee aliusikia." Kila mtu atasema hivyo. Huenda ni kweli. Siwezi kuvumilia kulisikia.

Jumamosi, 22 Agosti.

Baridi asubuhi. Nimechuma mchicha, nimempelekea Agnesi. Tumekaa jikoni kwake, tumechambua pamoja. Watoto wake walikuwa wanachezea uani. Aliniuliza, "Baba mdogo, meli ni leo. Hukwenda?"

Nilimweleza kwamba fundi seremala anapanda meli hiyo hiyo. Nimemwomba apite kwa dada yake Yohana, ampe habari kwa mdomo wake, ataje siku, ataje kwamba hakufa peke yake. Na amwambie chumba cha pili akimpe mjukuu yeyote.

"Lakini ni kwenu," Agnesi akasema.

Nilitaka kumjibu kwa lugha ya kule, neno moja tu ambalo Kiswahili hakina. Lilikuja hadi mdomoni. Hangelielewa. Hakuna tena mtu mji huu wa kulielewa, na kule, wa kulielewa wapo, ila hakuna anayenijua. Yohana ndiye ambaye angenitambulisha: huyu ni fulani, mtoto wa fulani, tuliondoka naye. Bila yeye ningeshuka pale mzee mgeni mwenye sanduku la vitabu.

Nimesaidia kupika. Nimekula. Nimerudi Chang'ombe kwa miguu, polepole. Ving'ora vya bandari vililia mchana na sikutoka kusikiliza.

Sirudi ziwani.