Mguu Usiolalamika

Jumatatu, 3 Februari
Ntumba nane leo, matuta yetu ya mviringo. Nyasi zimefukiwa zote, udongo umekaa juu. Veronika mdogo wangu kapandisha mbili, akaketi. Mgongo. Jana kiuno. Juzi moyo unadunda. Katoka kwake Mazwi, mjini, anisaidie kulima, naona kaja kuugulia kwangu. Nampenda, ila ananichosha. Mimi nina sabini na kitu, dawa siijui ladha.

Jumatano, 5 Februari
Jembe limenikata kidole cha mguu wa kushoto. Nimeona damu tu, maumivu hakuna. Nikamwonyesha Veronika: huu ndio mwili uliokomaa. Akasema, "Dada, hata ng'ombe akikatwa huruka." Nikamwambia ng'ombe hana adabu. Tumecheka. Nimefunga kitambaa. Ntumba sita.

Ijumaa, 7 Februari
Ntumba nne. Ndala moja imebaki shambani. Nimetembea mguu mtupu mpaka mlangoni, sikujua. Veronika hakucheka. Nimemkasirikia kwa kutocheka.

Jumapili, 9 Februari
Misa sijaenda. Nimesingizia mvua. Kidole cheusi, kinanuka. Nimefagia ua mara tatu. Nikiketi, nitakuwa mgonjwa. Naogopa watanikata mguu. Herufi zangu za ngumbaro, za kusoma ukubwani, zimepinda, lakini neno hilo nimeliandika.

Jumatatu, 10 Februari
Veronika kanusa. Kaita bodaboda, kanikalisha katikati, yeye nyuma kanikumbatia hadi hospitali mjini. Yeye huyo wa kiuno.
Muuguzi kaniamkia shikamoo, kauliza, "Bibi, unajionaje?" Nikasema mzima. Veronika akadakia: "Mwongo huyo. Andika mgonjwa."
Ni sukari. Ya siku nyingi, wanasema. Muuguzi kanifumbisha macho, kanigusa unyayo kwa uzi mgumu. Nikamwambia aanze basi. Kumbe kashamaliza. Veronika akataka naye aguswe. Karuka kama mbuzi.
Miaka yote namcheka kwa kusikia kila kitu. Mimi sisikii kitu, nikauita uzima. Mjinga mimi.

Jumapili, 23 Februari
Niko Mazwi, kwa Veronika. Kidole wamekitoa. Mguu umebaki. Ntumba zangu zinaota majani, nazifikiria kutwa.
Kila jioni naweka mguu mapajani pake. Anavaa miwani, anapekua kidole kwa kidole kutafuta kidonda, huku akilalamikia kiuno. Simnyamazishi tena.
Leo kaniuliza kama naumwa.
Nikamwambia, tazama wewe, halafu uniambie.