Usigeuke, Mwikali

Jumatatu, 8 Juni 1987
Maji kwanza, kisha shule, kisha uwanja. Kama kila siku. Nimekimbia mita elfu moja mia tano. Mwalimu Kitheka wa michezo amehesabu: nimegeuka kutazama nyuma mara sita. Sita! Darasani wananiita Saidimira, kile kioo cha gari cha kutazamia nyuma. Kalondu akiniita hivyo tena nitamzaba kofi.

Mashindano ya wilaya ni tarehe 27, Kitui mjini. Anayeenda mkoani ni mmoja tu, wa kwanza. Mwaka jana niliongoza hadi kona ya mwisho, nikageuka, Ndanu wa Mutomo akanipita upande wa pili. Niko kidato cha nne. Hakuna mwaka mwingine.

Jumatano, 10 Juni
Mwalimu alisema atakimbia nyuma yangu, nisigeuke hata nikisikia nini. Nikasikia viatu. Nikasikia pumzi. Nikavumilia raundi mbili, nikageuka. Hakuna mtu. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye nyasi muda wote, anamenya chungwa.

Nimelia kwa hasira. Ati si miguu, ni kichwa. Kana kwamba sijui.

Jumamosi, 13 Juni
Mtoni na Mama, kuchota maji kwenye kisima cha mchangani. Tukirudi tumebeba, mbwa akabweka nyuma yetu. Mkali. Sikugeuka. Nani atageuka na mtungi wa lita ishirini mgongoni, mukwa umekaza kwenye paji la uso? Ukanda ule wa ngozi ungenivunja shingo.

Mama aliona. Alicheka mpaka akaegemea mti.
"Kumbe unajua kutogeuka!"

Jumanne, 16 Juni
Nimekimbia na mukwa wa Mama kichwani. Bila mtungi, ncha nimezifunga kisogoni. Wasichana wamecheka mpaka wakakaa chini. Wacheke. Nimegeuka mara ngapi? Sifuri.

Ijumaa, 26 Juni
Kesho. Mukwa uko kwenye mfuko na bukta yangu, nimeuangalia mara tatu. Ninaogopa. Nikimwona Ndanu siogopi. Nisipomwona ndipo ninapokufa.

Jumamosi, 27 Juni
Msimamizi wa mbio ameukataa mukwa. Ati si vazi la riadha. Nimeomba, nimebishana, mpaka Mwalimu akanivuta mkono. Nikasimama kwenye mstari paji tupu, kama niko uchi.

Niliongoza. Raundi ya tatu pumzi za Ndanu zikanifikia shingoni. Shingo ikataka kugeuka, woi, ikataka kweli. Nikauma meno. Nikajiambia nimebeba maji. Nimebeba maji, nimebeba maji.

Kona ya mwisho akanipita. Sikugeuka hata mara moja, na bado akanipita! Nilidhani nitakaa chini nilie. Badala yake nikafurahi kama mjinga. Sasa alikuwa mbele, ninamwona. Nyuma hakukuwa na kitu cha kunitisha tena. Nikaufuata ule mgongo.

Hatua chache kabla ya utepe, Ndanu akageuka. Kwa kushoto. Nikapita kulia.

Wa kwanza. Mimi.

Jumapili, 28 Juni
Kanisani wamenisimamisha, wamenipigia makofi. Sikufurahi kama nilivyodhani. Namfikiria Ndanu pale kwenye nyasi, leso usoni. Najua hajala mpaka leo. Lakini yuko kidato cha tatu, bado ana mwaka mmoja. Jana nilimpa mukwa, nikamwambia ajifunge akifanya mazoezi. Aliushika tu.

Mama amekasirika kweli. Kumbe mukwa ulikuwa wa nyanya, mama yake. Sikujua, na hata ningejua bado ningempa.

Jioni nimebeba maji kwa kamba ya mkonge. Inauma vibaya. Mama alitembea nyuma yangu njia nzima. Sikugeuka kuona kama bado amenuna.