Nilipuliza Mbele ya Kaka Yangu

Mama Lupe mpendwa, naomba msaada wako, maana wiki nzima silali vizuri na nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia.

Mimi ni karani wa ofisi ya bandari hapa Nuku'alofa, nimechoka kuandika majina ya vyombo wanavyopanda wengine, kwa hiyo ilipotangazwa nafasi kwenye boti ya uokoaji niliomba, nikakubaliwa, ikabaki kupimwa mapafu na moyo tu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilikwenda zahanati moja kwa moja kutoka kazini nikiwa nimevaa mkeka wa msiba juu ya nguo, kwa kuwa tumemzika shangazi mwezi huu, na unajua sisi watoto wa kaka yake ndio tunaovaa ule mkubwa uliochakaa, nimejifunga mpaka kifuani, nami sikuona vema kuufungua mbele za watu. Zamu ilikuwa ya Sefita, mtoto wa mama mdogo, yaani kaka yangu, ambaye tangu tukue hatujakaa chumba kimoja wala kutaniana, kama mila yetu inavyotaka kwa kaka na dada, na mpimaji mwingine hakuwepo. Alinipa kibanio cha pua na mrija wa kupulizia, akageukia ukutani, akasema, "Vuta hewa ujae, dada, halafu puliza kwa nguvu mpaka usibakiwe na kitu."

Nilipuliza, Mama, lakini kwa adabu, maana aliyenitangulia nilimsikia akikoroma na kukohoa kama anakabwa, nami ningewezaje kufanya hivyo mbele ya kaka yangu? Namba ikatoka kama nusu ya inayotakiwa kwa mtu wa urefu wangu. Kisha nikapanda na kushuka kijukwaa cha mbao ili nipimwe mapigo ya moyo, na kabla sijafika katikati moyo ulikuwa unagonga masikioni, nikaomba kuacha. Sefita hakuniangalia hata mara moja, aliniambia tu nirudi Jumanne nimwone Muuguzi Pisila, akatoka. Nimeelewa kwamba alishindwa kunitamkia ugonjwa, kwa sababu baba yangu alikufa kwa maradhi ya kifua.

Toakase wa meza ya pili ofisini alisikia habari ya namba yangu, akaniambia, "Boti ya uokoaji, wewe? Mwenzangu, hata mshumaa wa keki haukuogopi." Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia chooni. Kanisani, mimi niliyekuwa nikishikilia sauti ndefu mpaka mwisho, sasa nachezesha midomo tu, natunza pumzi. Je, nimwombe mkuu wa bandari aondoe jina langu kabla ya Jumanne?

Karani mwenye hofu

Binti yangu, pole kwa shangazi, na pole kwa baba. Sasa nisikilize, maana umejitisha mwenyewe vya kutosha.

Umejifunga kifua kama viazi vikuu vinavyosubiri meli ya kwenda kisiwa cha Vava'u, ukapuliza kama unapoza chai ya mchungaji, halafu unashangaa namba ni ndogo? Kifaa kile kinapima kilichotoka mdomoni tu. Hakijui kwamba kilichobaki ndani kilikuwa heshima. Na kijukwaa kile hata mimi ningeshindwa kukipanda nikiwa na mkeka wa msiba.

Tena unamwonea Sefita. Kaka gani hapa kwetu atakaa amweleze dada yake habari za kifua chake? Aligeukia ukutani kwa sababu ileile iliyokufanya upulize kidogo, kisha akakutafutia mwanamke wa kukupima bila kukuaibisha. Mpelekee mama yake mkate, umshukuru kwa mtoto aliyelelewa.

Mimi si daktari, siwezi kukuapia kwamba huumwi. Kwa hiyo Jumanne utakwenda. Mweleze Pisila kuhusu baba yako kabla hajaanza. Namba ikirudi ndogo tena, mwone daktari siku hiyohiyo, na hata hapo utakuwa umewahi. Usile ukashiba kabla. Mkeka uvue mlangoni, kama unavyouvua ukienda kuoga, umpe Toakase aushike nje, yeye na mdomo wake. Jina lako liache hapo lilipo.

Na Jumapili hii imba. Ule mstari mrefu wa mwisho usiukate. Jumanne puliza hivyohivyo, ukorome, mate yakutoke. Pisila amezoea kufuta.