Atakula Usipomtazama

4 Mei

Mama, shikamoo.

Barua hii ikikukuta umeketi, endelea kuketi. Ikikukuta umesimama, tafuta kiti, maana haina habari mbaya lakini ni ndefu. Goti linaendeleaje? Na bustani, wateja wa miche wanakuja? Mkweo anakusalimu sana. Yuko kazini tangu asubuhi, kuna lifti imekwama na watu ndani, na kazi hiyo ya kutengeneza lifti unaijua, haina chakula cha mchana. Mimi ni mzima. Bado nipo kiwandani nashona kola za mashati, kola tupu. Shati zima sijawahi kulimaliza.

Ulisema tusikupigie simu, kwa kuwa ukiisikia sauti ya mtoto hutalala. Basi naandika, na dereva wa basi amekubali kuwa posta yetu.

Mtoto yuko salama. Lakini Mama, yule uliyetuambia ni Chiriku, anayeongea mpaka usingizini, kwetu hajafika. Aliyefika ni mtoto wa "ndiyo" na "hapana". Chakula anachokoachokoa tu. Tangu umkabidhi kwetu nimepata sentensi moja kutoka kwake. Tulikuwa tunapita kwenye duka la ndege na samaki wa mapambo nyuma ya kiwanda, akasimama, akasema, "Kwa Bibi kuna kinyonga kwenye wigo."

Mimi kinyonga namwogopa kuliko nyoka. Kesho yake nilirudi pale dukani peke yangu nikanunua mmoja, mchanga, hazidi kidole changu cha kati. Nilimbeba kwenye boksi mkono nimeunyoosha mbele kama nimebeba kaa la moto. Majirani wa ghorofa ya nne wamepata la kuzungumza mwaka mzima.

Sasa hataki kula. Nimemweka kwenye tangi la kioo, nimempa maji kwenye kisahani, nimempa panzi mkubwa mwenye afya yake. Tunakaa wote watatu tukimtazama. Hafungui mdomo. Rangi imekuwa nyeusi kama tako la sufuria. Mtoto ananiambia, "Anataka kwao."

Wewe umeishi na wigo ule miaka mingi. Nisaidie, hawa wanakula vipi?

Wako katika heshima,
Mke wa mkweo


9 Mei

Mke wa mkwe wangu,

Marahaba. Goti lipo, linauma likitaka. Miche imeshika, mvua hazikuwa mbaya.

Kuhusu mdudu wako: kinyonga hafugwi. Mimi huwafukuza kwa mti wa ufagio. Kiumbe ukikitoa kwenye jani lake ukakitia ndani ya kioo, halafu ukashangaa hakitaki kula, wa kushangaza ni wewe. Mrudishe alikotoka.

Na maadamu tumefika hapo: tulikubaliana mbele ya watu, mimi na mkwe wangu, kwamba shule zikifungwa na mtoto hajazoea, atarudi kwangu. Mimi sisahau. Huyo anayechokoachokoa chakula huko, hapa alikuwa akilamba sahani mpaka naona haya mbele ya wageni.

Asiyekula anataka kwao. Mtoto mwenyewe amekwambia.

Bibi yake


12 Mei

Mama, shikamoo tena, na pole kwa goti.

Barua yako niliisoma jikoni, nikaisoma tena kwenye ngazi. Nimeelewa, na nimeelewa pia kwamba si kinyonga tu uliyemsema. Sitabishana nawe. Ulimlea marehemu mama yake, ukamlea na yeye. Mimi nimeolewa juzi tu.

Lakini dukani hawampokei. Muuzaji anasema mali ikitoka imetoka. Na jana mtoto alisukuma sahani akasema kinyonga akila ndipo naye atakula. Baba yake akapandisha sauti, nikamwomba atoke nje kidogo apunge upepo. Tukabaki wawili. Akalia kile kilio kisicho na sauti, cha mabega. Nilitaka kumshika, nikaogopa atajichomoa mikononi mwangu. Basi nikabaki nakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Mama, sikuolewa ili niibe mtoto wa mtu. Kinyonga asipokula wiki hii, nitaomba ruhusa kazini nimlete mtoto mwenyewe mpaka mlangoni kwako. Siwezi kumwangalia akikonda ili mimi niitwe mama. Ila kama kuna neno unalijua, la mtoto au la kinyonga, niambie. Sina mwingine wa kumwuliza. Mama yangu mzazi hayupo.

Mke wa mkweo


14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Dereva anapiga honi hapa nje. Asubiri, abiria wake hawaozi.

Umenijibu kwa adabu, na adabu yako imenichoma kuliko tusi. Tangu barua yako ifike nimepanda mchicha kwenye makopo ya maua na maua kwenye tuta la mchicha. Haya, sikiliza.

Mtoe kwenye hilo tangi. Zamani nilitundika kipande cha kioo bustanini ili kutisha ndege. Kinyonga mmoja akapita mbele yake akajiona; alivimba, akawa mweusi tii, akafoka kama paka. Huyo wako kila akigeuka humo ndani anamwona adui, kumbe ni yeye mwenyewe. Nani atakula akiwa vitani? Dereva atakupa mche kutoka wigo wangu, ule wenye maua mekundu, nimeupanda kwenye kopo la rangi. Sijaupulizia dawa yoyote. Uweke kwenye roshani, upate jua la asubuhi na kivuli pia, uuzungushie chandarua kikuukuu. Mwache azame ndani ya majani mpaka mdhani ametoroka.

Maji ya kisahani hayajui. Wao hunywa umande. Nyunyizia majani kwa vidole asubuhi na jioni, matone yaning'inie, atayalamba.

Yule panzi wako ni fahali! Mtoe kabla hajamng'ata mwenzake. Mdudu wa kumpa kinyonga mchanga asizidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Chukua ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi, litie kwenye kopo lenye matundu, vile vijinzi vidogo vitakuja bila kualikwa. Umpe vichache vichache, si jeshi.

Na hili la mwisho ndilo kubwa. Ninyi mmekaa watatu mmemkodolea macho. Kwake yeye, jicho linalomtazama ni la ndege anayetaka kummeza. Weka chakula, mpe mgongo, fanya kazi zako. Atakula usipomtazama.

Mtoto naye vivyo hivyo. Alipofiwa na mama yake, hata kwangu hakula. Nilibembeleza, nikaimba, nikatisha. Siku moja nikachoka, nikaacha sahani kwenye benchi la miche, nikaendelea kujaza udongo makoponi. Nilipogeuka sahani ilikuwa tupu. Usimwambie "kula". Mpe kazi. Mdomo wake hufunguka mikono ikiwa na shughuli.

Usimlete kwanza.

Bibi wa Chiriku


2 Juni

Mama yangu, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, nilitaka kwanza niwe na la kusema. Sisi wazima. U hali gani? Nimemwuliza dereva akaniambia unatembea bila mkongojo, nikafurahi, kisha nikajua kumbe ulikuwa unatembea nao na hukutuambia.

Mche ulifika umevunjika jani moja tu. Mtoto alipoufungua aliingiza uso wote ndani ya majani akakaa hivyohivyo. Nikampa mgongo, kama ulivyosema.

Chandarua tumekishona pamoja. Nilimwachia pindo, likaenda upogo, nikaliacha hivyo. Nilipochukua mkasi kukata uzi akaniambia, "Bibi hukata kwa meno." Nikakata kwa meno, uzi ukaning'inia kwenye jino langu, akacheka. Na hapo ndipo Chiriku alipoingia nyumbani kwetu, Mama. Ameniambia habari za mteja wako anayenuka karafuu na anayetaka punguzo hata la miche ya bure. Ameniambia unavyozungumza na nyanya. Sijapata nafasi ya kutia neno mpaka leo.

Kinyonga tulipomhamisha alilamba matone siku ileile. Rangi ikaanza kurudi, kijani cha jani changa la mgomba. Kula bado. Tukampa migongo, siku zikapita. Siku moja mimi nafua hapo roshani, mtoto anachambua mchele, sote tumetazama ukutani kama watu waliogombana. Lakini mtoto ni mtoto. Alikuwa amechukua kijiko, anamchungulia kinyonga kwenye mgongo wa kijiko ili asimkodolee macho. Mara nikasikia ukelele: "Mama! Amekula! Ulimi, Mama, ulimi mrefu!"

Niligeuka nione anamwita nani. Hapakuwa na mtu mwingine.

Sikuitika, Mama. Niliogopa nikiitika neno litaruka liende zake. Nikaendelea kufua shati lilelile mpaka kola ikaanza kuchanika. Jioni mtoto alikula, akaomba aongezwe.

Nimewaza sana kama nikuandikie neno hilo au nilifiche. Nimeona kulificha ni kukuibia.

Mkweo anasema shule zikifungwa tutamkalisha chini tumwulize achague, kwako au kwetu. Ahadi ni ahadi. Atakalosema nitalikubali. Nasema nitalikubali, kama nitaliweza, sijui.

Anaomba nikuambie kinyonga ameshapewa jina. Anaitwa Lifti, kwa sababu anapanda polepole na kukwama katikati. Baba yake amenuna.

Mwanao, kama unaruhusu


20 Juni

Mama, shikamoo.

Dereva amepita mara kadhaa mikono mitupu. Anasema anakuona bustanini, unampungia tu na kuinama tena. Kama nimekukosea kwa lile neno nililokuandikia, nisamehe. Shule zinafungwa Ijumaa ijayo. Mtoto anauliza barua yako kila tukipita stendi.

Mwanao


24 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya barua iliyotangulia niliyokaa nayo. Hujanikosea. Dereva nilimpungia kwa sababu sikuwa na cha kumpa.

Nililia, sikufichi. Tangu binti yangu azikwe, yule mtoto hakuwa na wa kumwita mama. Kwangu aliita Bibi, Bibi, Bibi, kutwa nzima, mpaka jina likachakaa. Basi nilimlilia binti yangu, kisha nikajililia mimi, kisha nikasikia njaa nikala. Ndivyo tulivyo.

Nina hamu na mtoto yule, nakwambia. Nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi namwagilia miche huku nikimjibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza, na wateja wanatazamana. Juzi nilimkuta kinyonga kwenye wigo, nikaunyanyua ufagio, nikaushusha. Nikamwuliza, wewe nawe umekula?

Sasa mwambie mkwe wangu, kwa heshima zote: asimkalishe mtoto chini. Msimwulize achague. Mtoto akiulizwa hivyo humchagua yule anayeona atalia zaidi, na kwa kulia mimi ni fundi kukushinda wewe. Atakuja kwangu kwa huruma, akae kwenye benchi la miche akiwaza mnyama wake na huyo aliyemwita pale roshani. Sitaki mtoto wa kunihurumia. Ile ahadi niliidai mimi, nami naifuta. Wale waliokuwapo nitawaambia mwenyewe.

Siku nyingine akikuita, itika.

Mlete anitembelee. Nilianza kuandika "mrudishe", nikakata. Ukiona karatasi imechafuka hapo, ndilo hilo. Mwambie mapema kwamba ni matembezi, aijue siku ya kuondoka kabla hajafika, asije akalala na wasiwasi. Na wewe uje. Sijakuona tangu ile siku mliyokuja kumchukua, na siku ile sikukutazama. Lifti mwachieni fundi wake.

Kaeni siku mlizopewa, sitaomba hata moja zaidi. Ila mvua ikinyesha, njia ikaharibika, basi likashindwa kupita, mimi siye niliyeiita.

Mama yako