Vibao vya Bastola ya Mzee Gathogo

Mzee Idi,

Nakuandikia nikiwa dukani, kwenye stuli yako, kwa sababu yangu imevunjika mguu na sijapata nguvu ya kuitengeneza. Sijapata nguvu ya mambo mengi. Ni miezi saba sasa, na kila asubuhi nikishafungua mlango nakaa kwanza, natazama tupa zako ukutani, ndipo nianze kazi.

Unisamehe habari ya mazishi. Nilikuwa Kerugoya kwa mama, alikuwa amelazwa. Mkeo, Bi Zuhura, alinipigia simu mchana akaniambia umeanguka ukitawadha, na kwamba umeshakata roho. Nikaondoka hapo hapo. Najua nyinyi Waislamu hamkawizi maiti, lakini nilidhani nitawahi. Nilipofika Nyeri wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, wananawa udongo mikononi. Miaka kumi na mmoja tumefanya kazi bega kwa bega, na uso wako sikuuona.

Polisi walikuja kukagua silaha kwenye sefu, wakakuta kila moja iko na karatasi zake. Leseni mpya ya ufundi wa silaha imetoka kwa jina langu. Lakini wateja wakiingia bado wanaangalia nyuma yangu. "Fundi yuko?" Nawaambia fundi ni mimi, Wairimu. "Ati wewe?" Wengine wanageuka na bastola zao. Zamani ningebishana nao. Siku hizi nawaacha waende.

Ninalotaka kukuambia ni la Mzee Gathogo wa Chaka.

Unaikumbuka bastola yake, ile ya chuma ya mtindo wa kale, inayojipakia risasi yenyewe. Vibao vya mpini vilikuwa vya plastiki, vimepasuka, na vidole vyake vilivyopindwa na baridi yabisi havikuweza tena kuushika vizuri. Ulimpa donge la udongo alifinye upate alama ya kiganja chake. Ukachagua kipande cha mutamaiyo, ule mzeituni mwitu mgumu, chenye mishipa myeusi. Halafu ukaanza kuzembea. Mwezi unakwisha, mwingine unaingia, unapiga msasa kidogo, unakirudisha kwenye rafu. Akipiga simu unamwambia, "Mbao haijakauka, Mzee, vumilia." Nami nilikuwa nimekigonga kile kipande kwa kucha, nikasikia kimekauka kama mfupa.

Siku moja nilikuambia, "Kama macho yamechoka, niachie mimi." Ukanitazama juu ya miwani. "Haraka ya nini, mwanangu?" Nilikuonea huruma, na aibu kidogo pia. Kuna mteja nilimnong'oneza kwamba mzee wetu amezeeka, mikono imekwisha. Hilo nalo naomba unisamehe.

Ulipokufa, kazi ya kwanza niliyoishika ni ile. Nilitaka jina lako lisibaki na deni. Nilichonga vibao viwili, kimoja chembamba, kingine kinene pale kidole gumba kinapolala. Nikachora miraba midogo ili mkono usiteleze. Nikapiga mistari myembamba upande wa mbele wa fremu, na ile ncha ya nyuma iliyokuwa ikimng'ata katikati ya kidole gumba na cha shahada, nikailainisha mpaka ikawa kama jiwe la mtoni. Kisha mafuta, siku tatu. Mzee, sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Nikampigia simu, nikamwambia kazi imekwisha. Akasema atakuja kesho.

Kesho yake nilipofungua tu, mkewe, Mama Njoki, alikuwa ameshafika, amekuja peke yake. Hakukubali chai.

"Ni wewe umemaliza hiyo kazi?"

Nikamwambia ni mimi, nikijua nitasifiwa.

"Basi umeniua," akasema.

Ndipo akanieleza. Tangu kijana wao afe kwa ajali ya gari pale Kenol, mumewe alikuwa akishinda ndani ya stoo, bastola kwa mapaja, haongei, hali. "Nikakuja kwa Idi. Nikamwambia, hii kitu itaniachia ujane. Akaniambia nimshawishi alete mpini utengenezwe, hayo mengine nimwachie yeye. Mwaka na nusu nimekuwa nikilala, kwa sababu hiyo kitu iko kwa sefu yenu. Saa hii anavaa koti, anakuja kuichukua."

Nilikaa chini. Nilikukasirikia, Mzee. Miaka kumi na mmoja, na hukuniambia. Nafikiri ulimwapia yule mama kwamba hutasema. Lakini ningejua ningevificha vile vibao, ningevitia moto.

Mzee Gathogo alifika saa tatu, cheti chake cha kumiliki silaha ndani ya bahasha. Alipomkuta mkewe kwenye benchi hakuuliza kitu. Sikuwa na uongo wowote wa kumwambia. Nilivichukua vibao tu, nikaviweka juu ya meza. Bastola niliiacha ndani ya sefu.

"Mzee," nikamwambia, "Mama amenieleza. Naogopa kukupatia."

Alivichukua vibao vyote viwili kwa ule mkono wake uliopinda, akavifumbata. Vilimkaa sawasawa. Kisha akaniuliza:

"Idi alikuwa anajua?"

"Alijua."

"Mimi nimefanya kazi ya misitu miaka thelathini," akasema polepole. "Unafikiri sijui mutamaiyo ikikauka?"

Mama Njoki akainua uso.

"Nilikuwa nampigia nisikie akisema bado. Akisema bado, naona nitaishi nifike mwezi ule mwingine. Jana uliponiambia imekwisha, sikulala." Akaifuta miwani yake kwa upindo wa koti. "Sasa hiyo kitu siitaki nyumbani. Lakini hiyo barabara ya polisi siwezi kuenda peke yangu."

Tulienda watatu, mimi nimebeba sanduku la bastola. Ofisa aliandika, Mzee Gathogo akatia sahihi, akasalimisha bastola pamoja na cheti. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Nje, mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Mama Njoki alimshika mumewe mkono wakavuka barabara, naye vibao amevitia mfukoni, hakutaka kuvirudisha. Nilirudi dukani, nikafunga mlango, nikalia mpaka kichwa kikauma. Nilikulilia wewe. Tangu ufe nilikuwa sijalia.

Bado nimechoka, sikufichi. Lakini yule mteja niliyemwambia umezeeka nimemtafuta, nikamwambia nilikosea. Na siku hizi mtu akija na silaha yake, kabla sijampima mkono, namuuliza wa nyumbani hawajambo, na nangoja anijibu. Nitaendelea hivyo hata kama wataniona mwanamke wa maneno mengi. Bi Zuhura nitamwangalia kama mama yangu mwenyewe.

Pumzika, Mzee wangu. Mungu akupokee vizuri, kama ulivyotupokea sisi.

Mwanafunzi wako,
Wairimu