Majivu kwenye Sukuma

Jumatatu, 13 Januari 2025

Baridi ya huku ughaibuni ni ya kukata masikio. Nimechuma sukuma wiki ndani ya grinhausi, hili banda la plastiki, mpaka vidole vikakataa kukunjika. Sukuma ya majira haya ni tamu, hilo sikatai. Lakini chini ya majani kumejaa vidukari, wa kijivu, wamejazana kama wako harusini. Nkatha anawanyunyizia maji ya sabuni. Mke wa mwanangu ana digrii, anawaogesha wadudu! Nimemwambia kwetu Meru tunamwaga majivu, basi. Akasema, "Mama, shamba hili limesajiliwa kuwa halitiwi dawa. Kila kitu kinaulizwa kwanza." Kinaulizwa kwa nani? Mimi nimelima kabla mama yake hajaolewa.

Jumanne, 14 Januari

Nimevuka ua hadi kwa Faraz, seremala wa ghala la jirani. Ana jiko la kuni la kupashia karakana moto. Baba yake ni mzaliwa wa Kisumu, kwa hiyo Kiswahili anacho, cha kuokoteza. Nikamwambia nataka majivu. "Ya kusugulia sufuria, Mama Murithi?" Nikamwambia ashughulike na misumari yake. Akacheka, akanijazia ndoo. Nkatha alipokwenda kumchukua mwanawe Abigael shuleni, nikayamwaga kwenye mstari wote wa mwisho. Nusu ndoo imebaki, nimeificha chini ya ngazi.

Alhamisi, 16 Januari

Vidukari kwisha. Nkatha anaisifu sabuni yake. Mimi nacheka na tumbo langu.

Usiku tumekula maharagwe ya njahi, malenge ya ghalani na sukuma ya mstari wangu. Abigael kamaliza sahani mbili. Mjukuu huyu nikimsemesha ananijibu Kiingereza, lakini mdomo wa kula ni wa Kimeru.

Jumamosi, 18 Januari

Siku ya wateja kuchukua vikapu. Karoti, viazi, malenge, sukuma. Faraz naye amekuja na mkewe, Sultana. Akanivuta kando. "Mama Murithi, yale majivu usisugulie sufuria za chakula. Nachoma mabaki yote mle. Mbao za rangi, na zile za kijani za uzio, zilizotiwa dawa zisioze."

Nikamuuliza dawa gani.

"Sumu, Mama. Ndiyo maana haziozi."

Sultana alikuwa ameshika kikapu. Nikamnyang'anya sukuma kikapuni, nikasema ina minyoo. Akanitazama kama mwendawazimu. Vikapu vya wengine vilikuwa vimeshaondoka. Nyumba ngapi zinaila leo, sijui.

Faraz sikumwambia nilikoyamwaga.

Jumapili, 19 Januari

Kanisani sikusikia neno. Abigael anasema tumbo linamuuma. Nimemshika paji la uso mara nyingi mpaka akanisukuma mkono. Murithi anasema ni peremende za shule ya Jumapili. Yeye anajua nini.

Mezani Murithi akatuambia inspekta wa usajili anakuja Jumanne. Akikuta dawa hata kwenye mstari mmoja, udongo huo unafungiwa miaka mitatu, na ule mkahawa unaonunua sukuma yetu utatukimbia. "Turudi maghalani kubeba maboksi," akasema, akacheka. Mwanangu alibeba maboksi miaka tisa ili akodi shamba hili. Mgongo wake naujua, ndio ninaoukanda. Mimi sikucheka.

Nimwambie? Atasema nini? Mama yake mzazi, kwa mikono yake.

Jumatatu, 20 Januari

Mtoto ameamka mzima, anaruka. Mungu, asante. Lakini sumu ya mbao inakaa mwilini muda gani? Hakuna ninayeweza kumuuliza bila kujitaja.

Nimejaribu kukwangua majivu kwa kijiko. Yameshaloa, yamezama. Nkatha akanikuta nimepiga magoti. Nikamwambia mstari huu usichumwe, bado mchanga. "Mama, umeanza kunipangia shamba?" Akachuma akiniangalia usoni.

Jioni ameiweka sukuma hiyo motoni, akaenda kupokea simu. Nikaimwaga yote kwenye takataka. Nikasema nimeiunguza. Mimi! Tangu niolewe sijaunguza hata ugali. Murithi akasema labda Mama amezeeka. Nikaimeza hiyo pia.

Jumanne, 21 Januari

Inspekta yuko grinhausi na kina Murithi. Mwanamke mfupi, buti kubwa, hacheki. Niko jikoni, natazama dirishani. Plastiki imeshika ukungu, naona vivuli tu. Wamesimama. Wamekwenda. Wamesimama tena, kule mwisho.

Nkatha hana hatia yoyote. Ataulizwa kama kuna kilichotiwa, ataapa hakuna. Ataapa uongo bila kujua, kwa sababu yangu.

Murithi amekuja mbio, theluji mpaka magotini, anatabasamu mpaka ufizi. Anasema mgeni amekubali kila kitu. Anasema mstari wa mwisho ndio mzuri kuliko yote, majani safi, hajaona mdudu. Inspekta mwenyewe anataka kununua fungu apikie watoto wake. Anataka kumjua anayeutunza. "Njoo, Mama. Leo ni siku yako."

Nimemwambia navaa viatu. Ametangulia.

Kiatu kimoja kimeingia. Cha pili nitakivaa nikiweka kalamu chini. Ndoo ya Faraz nimeshaitoa chini ya ngazi, iko hapa mlangoni. Naenda nayo, nimwonyeshe inspekta.